Mama Alipopanda Ulingoni

Watu wengi hudhani pambano la mieleka hujengwa na anayepiga. Severini alikuwa akiwacheka moyoni, kwa sababu miaka yote yeye ndiye aliyekuwa anapigwa, na alijua kazi ilikuwa wapi. Anayepiga anainua mkono tu. Anayepigwa ndiye anayeufanya mkono ule uwe mzito kama mchi, ndiye anayeruka kabla haujamfikia, ndiye anayegaagaa akitafuta pumzi mpaka mama lishe aliyeko nyuma kabisa ya uwanja anasahau chapati zake jikoni.

"Wakishangilia," alikuwa akimwambia rafiki yake Kondo, "ujue bado wanakumbuka kwamba wapo mchezoni. Siku wakinyamaza, hapo ndipo tumecheza."

Jumapili ile, kwenye uwanja wa mpira wa Bigwa, walinyamaza.

Na watu wa Bigwa si watu wa kunyamaza. Ukiwaita kwenye kikao cha mtaa watafika wamechoka, lakini vurugu hata iwe ndogo wanaiwahi mbio. Walikuwa wamemtukana Jinamizi tangu alipoingia, jitu la kifua wazi lililofunika uso mzima kwa kitambaa cheusi chenye matundu mawili ya macho. Hakuna aliyejua kwamba chini ya kitambaa kile alikuwa Kondo, seremala wa Mafiga, mtu mpole kiasi kwamba hata wateja wasiomlipa aliwasalimia kwa tabasamu. Mansuri, mwenye ulingo na vipaza sauti, alikuwa mkali kwa mambo mawili. Jinamizi havui kitambaa mbele ya watu, na Jinamizi hasemi neno.

Kwa hiyo maneno ya Kondo yalikuwa ya chinichini, ya sikioni. Kabla ya kumwinua Severini miguu juu kichwa chini aliuliza, "Upo?" Severini akajibu, "Nipo." Hapo ndipo alipombwaga, na mbao za ulingo zikalia kama mlango uliovunjwa. Wasiojua waliona shingo imekwisha. Hawakuuona mkono wa kulia wa Kondo uliopita chini ya mgongo, ukauzuia uzito wote, ukamweka mwenzake chini taratibu kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Maisha ya Severini yalikuwa yamekaa kwenye mkono ule, na hakuwahi kuuogopa.

Kisha ikaja ile sehemu yao ya mwisho. Jinamizi alimsokota mkono nyuma ya mgongo, refa akajifanya haoni, na Severini akainua uso wake wenye vumbi akalia, "Mama! Mama yangu, nakufa!" Huwa inawaumiza wanawake. Kule Turiani kilio hicho kiliwahi kuwaliza wakata miwa waliotoka kupokea mshahara, watu ambao hawalii ovyo. Alilia mara ya pili, sauti ikakatika vizuri, akaanguka kifudifudi akatulia.

Uwanja ukawa kimya. Severini, shavu likiwa juu ya turubai, alisikia raha ikimpanda mwilini. Alikuwa amekitafuta kimya kile tangu siku ya kwanza alipopanda ulingoni.

Ndipo akasikia sauti ya mama yake.

Bibi Josephina alikuwa ameteremka kutoka kijijini, juu kabisa mlimani karibu na misheni, akiwa na kiroba cha karoti na njegere za mjukuu wake Faraja. Simu yake ilikuwa imezima chaji, hakumwarifu mtu. Alipofika nyumbani kwa mwanawe alikuta mlango umefungwa, na kipaza sauti cha uwanjani kinalitaja jina la Severini. Alikuwa akijua kwamba mwanawe anafanya kazi ya michezo. Yeye alidhani anawafundisha watoto kuruka kamba.

Alipita chini ya kamba za ulingo kwa magoti. Hakuna aliyemzuia kwa sababu hakuna aliyekuwa anatazama kwingine. Alisimama katikati, mwanamke mfupi mwenye rozari shingoni, akamtazama yule mwenye kitambaa cheusi. Kisha akafungua vifungo vya blauzi yake, kimoja kimoja, akatoa ziwa mbele ya Bigwa nzima.

Alisema kwa Kiluguru kwanza. Halafu, ili mgeni yule asipate kisingizio, akarudia kwa Kiswahili.

"Ziwa hili ndilo lililomlea huyu unayemuua. Kama alilinyonya kweli, mkono wako huo ukauke. Usiinue jembe. Usiinue kijiko. Usiinue mtoto wako mwenyewe. Ukauke!"

Wanawake walijifunika macho kwa khanga. Wazee waligeuka kuangalia pembeni, kwa sababu laana ya ziwa haitazamwi. Jinamizi alirudi nyuma mpaka kamba zikamzuia, na Severini, kwa jicho moja lililofunguka kidogo, aliona rafiki yake akiukumbatia mkono wa kulia kifuani.

Angeweza kuinuka. Angeweza kusema, "Mama, funga nguo, huyu ni Kondo wako, yule anayekubebea viazi." Ingekuwa sentensi moja tu. Lakini uwanja ulikuwa kimya, kimya ambacho hata yeye hakuwahi kukiota, na mwili wake ulikuwa umezoea kubaki chini mpaka kengele ilie. Alibaki chini.

*

Nyumbani, Bibi Josephina alichemsha maji, akatia chumvi, akamkanda mwanawe mgongo kwa kitambaa. Mgongo wenyewe haukuwa na hata mchubuko.

"Wapi panauma zaidi?"

"Hapo, mama."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Agnes, mke wa Severini, alikuwa amekaa mlangoni anamenya njegere zilizotoka kijijini. Alijua kila kitu, maana ndiye aliyekuwa akimshonea Kondo kile kitambaa. Kila Severini alipogumia, Agnes aliinamisha uso zaidi kwenye ungo wake.

"Na huyo mtu," mama alisema, "nimemwangalia machoni. Alikuwa ananitazama kama mtoto anayesubiri kuchapwa. Halafu ndiye aliyekusokota mkono! Mtu wa namna ile hakulelewa na mama."

Severini alifumba macho. Mama yake Kondo alikufa Kondo akiwa bado hajang'oka meno ya utoto, na tangu wapo shule ya msingi alikuwa akipanda mlima na Severini kila likizo. Alikula kwenye sahani za Bibi Josephina, alilala kwenye mkeka wake, na alimwita mama bila mtu kumfundisha.

"Kondo yuko wapi siku hizi?" mama aliuliza. "Angekuwepo pale, mtu asingekugusa."

"Yupo, mama. Kazi nyingi."

"Msalimie. Mwambie viazi vimeiva, aje tuchimbe."

Usiku ule Agnes alimwambia mumewe maneno machache tu. "Baba Faraja, mwambie mama yako kabla hajaondoka." Severini alijibu kwamba atamwambia asubuhi. Asubuhi alimsindikiza mpaka kwenye bodaboda, akamfungia kiroba kitupu, akamshika mikono yote miwili, na hakumwambia.

*

Mansuri alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Picha za mama zilikuwa zimesambaa kwenye simu za mji mzima. Aliyezirusha alikuwa na chembe ya adabu, alikuwa ameziba kifua kwa alama ya ua.

"Nimekaa kwenye biashara hii mpaka nimeota mvi," Mansuri alisema, "sijawahi kuona pambano kama lile. Unajua pambano kubwa ni nini? Ni pale mtu anaposahau kwamba alilipa kiingilio. Sasa wale wote walisahau! Severini, yule bibi ni dhahabu. Turiani tunakwenda naye."

"Nani?"

"Bi mkubwa. Nampa nauli, nampa na kitenge kipya. Apande tu dakika zilezile, aseme yaleyale. Siyo lazima afungue nguo yote."

Severini alimtazama akidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ametoa simu, anatafuta mtu wa kuchora bango.

"Yule ni mama yangu, Mansuri."

"Ndiyo maana nasema! Wa kukodi hawezi kufanya vile."

Severini alitaka kumpiga, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitaka kumpiga kweli. Lakini kodi ya nyumba na sare za Faraja zilitoka kwa Mansuri, na mkono ukabaki mfukoni. Alisema tu kwamba mama ni mtu wa kanisani, hatakubali. Mansuri akasema ajaribu kumbembeleza.

Kondo alikuwa amekaa pembeni ya ulingo, mkono wa kulia umelala juu ya paja lake kama kitu cha mtu mwingine. Walipanda kufanya mazoezi. Kondo akamshika kiunoni, akamnong'oneza, "Upo?"

"Nipo."

Akamwinua. Katikati ya njia mkono ukalegea, na Severini akatua kwa bega kwenye mbao, kwa uzito wote, bila kitu chochote katikati. Safari hii maumivu yalikuwa ya kweli, na ajabu ni kwamba hayakutoka na sauti yoyote.

"Umeona?" Kondo alisema. Alikuwa amepiga magoti pembeni yake, machozi yanamtiririka. "Wewe ulikuwepo. Mimi ndiye sikuwepo. Nikikuinua namsikia mama anasema ukauke, na mkono unamtii. Mbao sizipigi randa tena, Seve. Nitakuvunja shingo siku moja."

"Ni mawazo tu, ndugu yangu. Mama hakujua kama ni wewe."

"Laana inauliza kitambulisho? Alitoa ziwa. Ziwa ni ziwa." Kondo alijifuta kwa bega la kushoto. "Mwambie ni mimi. Aniondolee. Sitaki kingine."

"Nikimwambia ni wewe, lazima nimwambie kwamba ni mchezo."

"Basi mwambie."

"Kondo, alivua nguo mbele ya watu. Mama yangu, ambaye hata kisimani haogi mchana. Nimwambie alivulia mchezo?"

Kondo aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaulaza pajani. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mimi je? Mimi ni mchezo?"

Severini aliteremka ulingoni akiwa ameshika bega. Wiki ile ikapita, nyingine ikaja, na safari ya Turiani ikasogea. Kila jioni alijiambia anamkinga mama yake na aibu, na huo ulikuwa ukweli, lakini ulikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa ni yeye mwenyewe, amelala kwenye turubai, anasikiliza kimya kile na hataki kiishe.

Aliyemtoa kwenye kusita kule alikuwa Magreth, mke wa Kondo. Alikuja nyumbani akiwa na mtoto mchanga mgongoni, akakataa hata kukaa.

"Shemeji, mimi sijaja kugombana," alisema. "Nimekuja kukuambia kitu kimoja. Mwenzako hamshiki mtoto. Mtoto akilia, ananiita mimi. Nikimpa ampokee, anarudi nyuma mpaka ukutani. Mtu aliyetengeneza kitanda cha mtoto huyu kwa mikono yake." Akafunga khanga yake upya. "Sasa nyie na siri zenu za ulingoni, endeleeni."

Alipoondoka, Agnes alifungasha sukari na sabuni za kumpelekea mama mkwe kwenye mfuko, akauweka mbele ya mumewe.

*

Walipanda mlima wawili, Severini mbele, Kondo nyuma. Njiani watu waliwasalimia kwa heshima ambayo Severini hakuizoea. Kijiji kizima kilikuwa kimeiona ile picha yenye ua. Mzee mmoja aliyekuwa analima kabichi kwenye matuta aliacha jembe akaja mpaka njiani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa Josephina? Una mama, kijana. Sisi wengine tulizaliwa tu." Akamshika bega, lile linalouma, akalitikisa.

Ndivyo ilivyokuwa. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamemfanya Bibi Josephina mtu wa mbele. Kanisani walimwachia nafasi kwenye benchi la kwanza. Wasichana walioolewa karibuni walimletea maji, wanataka wakae karibu naye tu. Padri alikuwa amemwita kumkanya kuhusu kulaani, na inasemekana katikati ya kumkanya alilazimika kufuta miwani. Mjane wa mlimani aliyezeeka bila kuangaliwa na mtu, sasa alikuwa anaangaliwa. Severini aliyasikia yote haya njiani, na kila hatua alitamani kugeuka.

Walimkuta nyuma ya nyumba anaosha karoti kwenye mfereji. Alipomwona Kondo alinyanyuka na mikono inayodondosha maji.

"Mwanangu Kondo! Leo ndiyo umekumbuka viazi?"

"Shikamoo mama." Kondo aliinama mpaka chini, na hakuinuka.

"Marahaba. Mbona hunipi mkono?"

Mama aliutazama ule mkono wa kulia uliobanwa kifuani, akamtazama mwanawe. Uso wake ulianza kubadilika kabla Severini hajafungua mdomo, na baadaye Severini alifikiri kwamba pengine hapo tayari alikuwa amejua.

"Mama," alisema, "yule mtu wa Bigwa, mwenye kitambaa. Ni Kondo."

"Kondo gani?"

"Huyu."

"Huyu amekupiga wewe?"

"Hakunipiga. Hajawahi kunipiga. Ni mchezo, mama. Tunapanga. Ananishika nisiumie. Watu wanalipa, wanaona kama kweli."

Bibi Josephina alikaa juu ya jiwe la kufulia. Aliokota karoti moja akaanza kuifuta udongo, polepole, ingawa ilikuwa imeshaoshwa.

"Mgongo niliokukanda?"

"Haukuwa na kitu."

"Ulikuwa unagumia."

"Ndiyo, mama."

"Na ulipoita mama." Aliigeuza karoti upande wa pili. "Ulikuwa umeniona?"

"Sikujua kama upo. Huwa naita kila mahali. Watu wanapenda."

"Turiani pia?"

"Turiani pia."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelezwa njia ya mahali asipopajua. Kondo alikuwa ameanza kulia, kilio cha mtu mzima anayejizuia, na mama aliweka ile karoti chini. Alikuwa amebakiza swali moja tu.

"Nilipofungua nguo. Ulikuwa umelala pale. Ulikuwa unanisikia?"

Severini alijua kudanganya kwa mwili mzima. Alijua kufanya jicho liwe la mfu na pumzi iwe ya mwisho. Angeweza kusema alikuwa amezimia, na mama yake angemwamini, kwa sababu alikuwa anamtazama akitamani kuamini.

"Nilikuwa nakusikia," alisema.

Mama hakupiga kelele. Aliingia ndani akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na amebeba bakuli la maji lenye unga kidogo juu yake. Alimwita Kondo mpaka kizingitini, akamwambia apige magoti.

"Nipe mkono."

"Naogopa, mama."

"Nipe. Mimi ndiye niliyeufunga."

Alichota maji kwa kinywa akayapuliza juu ya mkono ule, kuanzia begani mpaka vidoleni. "Nilisema kwa kutokujua," alisema. "Nilidhani nasema na adui, kumbe nasema na mtoto wangu. Niliyoyatoa nayarudisha. Ee Mulungu, mkono huu uinue jembe. Uinue kijiko. Uinue mtoto." Akapuliza tena, kifuani, na maji meupe yakamtiririka Kondo kwenye shati. Kisha akamshika kichwa akakibana tumboni mwake, akambembeleza kwa Kiluguru maneno ambayo Severini alikuwa hajayasikia tangu akiwa mdogo. Vidole vya Kondo vilifunguka, vikashika upindo wa nguo yake.

Severini aliwatazama mpaka akashindwa kuendelea kusimama. Alisogea akapiga magoti pale pale kizingitini, bega kwa bega na rafiki yake, akainamisha kichwa na kusubiri maji. Alisikia bakuli likitulia. Alisikia mama yake anapumua.

"Wewe sikukulaani," mama alisema. "Sina cha kukuondolea."

Akayamwaga maji yaliyobaki kwenye mche wa kabichi, akamwambia Kondo ainuke waende kuchimba viazi kabla mvua haijateremka.